Damu, Barafu na Barabara: Siku Nane za Kufuata Kideri, Temeke hadi Singida

Siku ya 1. Temeke

Kazi ya sampuli huharibika zaidi wakati wa kufungasha kuliko shambani. Tunaanzia maabara ya mifugo ya Temeke. Mpango wa safari hii ya kufuata kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, ni vijiji vitatu vya Singida, kuku 30 kila kijiji, na siku moja ya mnadani. Namba 30 ina hesabu yake: ugonjwa, au kingamwili (kinga inayobaki kwenye damu baada ya kuugua au kuchanjwa), zikiwa ndani ya angalau kuku mmoja kati ya kumi, sampuli 29 au 30 zinatosha kuziona kwa uhakika wa asilimia 95. Hesabu hiyo inavunjika mtu akiwakamata wote 30 kwenye banda moja la mwenyekiti kwa sababu ni karibu na gari. Kuku wa banda moja wanaumwa pamoja na wanachanjwa pamoja. Kwa hiyo hatuzidishi kuku watatu kwa kaya, kaya kumi kwa kijiji.

Kilichoingia kwenye gari: mabomba ya sindano ya ml 2 yapatayo 130, sindano za geji 23 kwa mitemba na geji 21 kwa majogoo, mirija midogo ya ml 1.8 yenye kifuniko cha kukaza, vijiti vya pamba, chupa za maji ya kubebea virusi, kadi za FTA za kutunzia vinasaba, pamba, spiriti, masanduku ya kutupia sindano, glavu, barakoa za N95, miwani ya kukinga macho, gambuti, ndoo mbili, brashi, sabuni ya unga na Virkon, dawa ya kuua viini. Madeli mawili: la damu na la vijiti. Hayachanganywi, na kila moja lina kipimajoto chake.

Maji ya kubebea virusi yalitengenezwa jana. Ni PBS, maji ya chumvi yanayoshikilia pH (kipimo cha ukali), iliyo kati ya 7.0 na 7.4, ndani yake penisilini yuniti 2,000 kwa ml, streptomaisini mg 2 kwa ml, jentamaisini mikrogramu 50 na dawa ya kuvu yuniti 1,000. Hivyo ni viwango vya vijiti vya kooni. Vijiti vya sehemu ya haja vinatakiwa mara tano yake, maana kinyesi kimejaa bakteria watakaoozesha mayai ya maabara, ambamo kirusi huoteshwa, kabla kirusi hakijapata nafasi. Kosa la kila mara ni kupima pH kwanza, kisha kumimina dawa na kuondoka. Dawa zenyewe huishusha pH, nacho kirusi hakipendi ukali. Pima tena baada ya kuzitia.

La mwisho ni lebo, na hili limewaumiza wengi. Wino wa maka peni unaoitwa haufutiki, spiriti inaufuta kwa mguso mmoja. Mkono uliotoka kusafisha bawa ukishika mrija, namba imekwenda. Tunaandika kwa penseli juu ya plasta ya karatasi, tunabandika na selotepu juu yake. Namba ni herufi ya kijiji, kaya, kuku: A-07-2.

Siku ya 2. Dar es Salaam hadi Singida

Kilomita zipatazo 700: Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa, Dodoma, Manyoni. Hakuna cha kuandika zaidi ya barafu. Pakiti za barafu zilizotoka kwenye friza moja kwa moja zina baridi ya chini ya sifuri, na damu nzima ikigusana nazo chembe nyekundu hupasuka. Tuliziacha nje mpaka zikaanza kutoa jasho, na kati yake na mirija tukaweka kadibodi.

Ukifika Singida jua linapozama, Ziwa Singidani liko kando ya mji na heroe wamesimama kwenye maji ya chumvi. Ndege pori si mapambo kwa kazi hii. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua makali ya ndege ya aina ya H5N8, na dalili ya kwanza kuonekana ilikuwa ndege pori waliokufa kwenye ghuba ya Lutembe, Ziwa Viktoria. Kwa hiyo swali la kwanza kwa maafisa mifugo wa wilaya jioni hii halikuwa kuhusu kuku: je, kuna ndege pori au bata waliookotwa wamekufa? Hakuna aliyesikia. Barua za Katibu Tawala na za halmashauri zikakaguliwa, ratiba ikapangwa.

Mpangilio wa ratiba ni sharti la kitaalamu. Unaanza na kijiji kilichochanja na kisicho na vifo, unafuata ambacho hakijulikani, unamalizia na chenye ugonjwa, kisha mnada. Hurudi nyuma. Kideri kinasafiri kwenye udongo wa gambuti, kwenye tairi, kwenye kreti la mayai, na hakuna gari linaloingia nyua nyingi za wafugaji kwa siku moja kama gari la watafiti.

Siku ya 3. Kijiji A

Wenyeji waliombwa jana wasifungulie kuku. Kuku wa kienyeji akishatoka bandani saa 12 asubuhi, kumkamata ni mbio za nusu saa, na kuku aliyekimbizwa anahema, mshipa unanywea, na watoto wa mtaa mzima wamefika. Tulikuwa mlangoni saa 11 alfajiri, na tochi.

Kutoa damu kunahitaji watu wawili. Mmoja anamlaza kuku ubavu, miguu mkononi, bawa moja limefunguliwa juu. Mwingine ananyonyoa vinyoya vichache upande wa ndani wa bawa, analowesha kwa spiriti, na mshipa unaonekana ukipita juu ya kiwiko kama uzi wa bluu. Sindano inaingia karibu sambamba na ngozi, ikielekea mwilini au kinyume, mradi isitoboe upande wa pili. Vuta polepole. Ukivuta kwa pupa mshipa unajifunga, unapata hewa, unadhani umekosea, unachoma tena, na sasa pana uvimbe mweusi ambao hautoi damu. Hamia bawa la pili. Baada ya kuchomoa, bonyeza pamba kwa dakika moja nzima. Mwenye kuku anaangalia damu iliyobaki kwenye manyoya kuliko anavyosikiliza maelezo.

Kiasi kinachotakiwa ni ml 1 hadi 2. Mipaka ya usalama ni takriban asilimia moja ya uzito, yaani ml 12 kwa kuku wa kilo 1.2, kwa hiyo tuko mbali na hatari. Waambie hivyo. Wengi wanaamini damu ikitoka tetea anaacha kutaga.

Hatuimimini damu kwenye mrija mwingine. Tunavuta pistoni ya bomba nyuma ili kuacha nafasi ya hewa, tunafunika sindano, tunalaza bomba kwa mshazari kivulini. Kwa saa moja hadi mbili bonge linajikaza na kuachia majimaji ya rangi ya majani makavu: hiyo ndiyo seramu. Bomba likisimama wima bonge linakaa kama kizibo na seramu inakuwa kidogo. Likiachwa juani kwenye boneti ya gari, seramu inatoka nyekundu, na seramu nyekundu inasumbua usomaji. Seramu inahamishiwa kwenye mrija mdogo jioni ileile.

Kazi ya pili, iliyo ngumu kuliko sindano, ni maswali. Chanjo ya mwisho lini? Nani alichanja? Jicho au maji? Kuku wapya wameingia ndani ya siku 30? Wangapi wamekufa miezi mitatu iliyopita? Kuna bata, kanga, njiwa? Umeuza kwa nani? Kipimo cha kingamwili hakitofautishi kuku aliyechanjwa na kuku aliyeugua akapona. Vyote viwili vinatoa kingamwili zilezile. Bila majibu ya kaya, mrija wenye namba nzuri kabisa hausemi chochote. Tarehe nazo hazipatikani kwa kuuliza tarehe. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya kuvuna alizeti, kabla au baada ya shule kufungwa.

Bibi mmoja wa kaya ya tisa alitaka kujua kwa nini watu wanakuja kila mwaka kuchukua damu na hawarudi. Swali liliandikwa kwenye fomu, sehemu ya maoni, kama alivyolisema.

Siku ya 4. Kijiji B

Kijiji hiki kilichanjwa wiki tatu zilizopita, na ndiyo sababu kimechaguliwa: kingamwili za chanjo huonekana vizuri kwenye wiki ya pili hadi ya tatu. Chanjo ni ya I-2, kirusi dhaifu kinachovumilia joto, kilichotayarishwa Chuo Kikuu cha Queensland kwa ufadhili wa shirika la utafiti wa kilimo la Australia, ACIAR, na mbegu yake kugawiwa nchi zinazotaka kuzalisha zenyewe. Tanzania inaizalisha. Kuvumilia joto maana yake si kwamba unaweza kuiacha dirishani. Maana yake ni kwamba ikitoka kwenye jokofu la wilaya, ikafungwa kwa kitambaa kilicholowa na kubebwa na baiskeli, inafika ikiwa hai. Jua la moja kwa moja linaiua kama chanjo nyingine yoyote.

Tone moja, jicho moja, kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hata kifaranga wa siku moja. Rudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Kila mfugaji anaweza kulisema hilo. Palipo na tatizo ni kwenye tone lenyewe.

Mchanjaji wa kijiji alituonyesha kifaa chake. Chupa ya dozi 200, na kifuniko cha kudondoshea alichonunua dukani baada ya cha zamani kupotea. Alikuwa anatia maji ml 7, kama alivyofundishwa. Tukamwomba adondoshe maji matupu kwenye bomba la sindano mpaka yafike ml 1, huku tukihesabu. Matone 45. Kifuniko cha zamani kilikuwa kikitoa kama 30.

Hesabu ni hii. Kwa matone 30 kwa ml, dozi 200 zinahitaji ml 6.7, karibu na ile 7. Kwa matone 45, ml 7 zinatoa matone 315, na kila tone limebeba chini ya theluthi mbili ya dozi. Alikuwa anafurahi kwamba chupa inachanja kuku wengi kuliko zamani. Kwa kifuniko hiki alitakiwa kutia ml 4.4 tu. Kanuni: dozi gawanya kwa idadi ya matone ndani ya ml moja. Inafanywa upya kila kifuniko kinapobadilika, na inafanywa chupa ikiwa wima kabisa juu ya jicho. Ukiilaza, tone linabadilika ukubwa. Subiri kuku apepese ndipo umwachie. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, si ya bomba yenye klorini, na chanjo iliyokwisha kuchanganywa iishe siku hiyohiyo.

Hakuna aliyemlaumu. Mafunzo aliyopewa yalitaja ml 7 bila kutaja kifuniko.

Saa 10 jioni ikaja simu kutoka kwa bwana mifugo wa kata ya jirani. Kitongoji kimoja, kuku wanakufa tangu juzi, vinyesi vya kijani, shingo zimepinda. Kishawishi ni kuruka kwenye gari. Tukikimbilia huko leo, kijiji C hatutakiingia tena kesho. Uamuzi: C alfajiri, kisha kitongoji hicho mchana. Bwana mifugo aliombwa mambo manne kwa simu: watu wasiuze wala kugawa kuku, mizoga isitupwe porini, asubuhi wabakize kuku wawili watatu wanaoumwa wakiwa hai, na atupe jibu kuhusu bata.

Siku ya 5. Kijiji C, kisha kitongoji chenye vifo

Kijiji C kilikwisha saa 3 asubuhi bila la kusimulia, isipokuwa kanga. Kaya mbili zina kanga, na seramu ya kanga, kama ya bata, inaweza kugandisha chembe nyekundu za kuku yenyewe tu, bila kirusi. Imewekewa alama ili itayarishwe tofauti maabara.

Kabla ya kuondoka, gambuti zilipigwa brashi kwa sabuni kwanza, zikasuuzwa, ndipo zikaingia kwenye Virkon, gramu 10 kwa lita. Ukizamisha buti lenye kinyesi kwenye dawa, dawa inamalizikia kwenye kinyesi. Magurudumu nayo.

Kule kitongojini jibu la bata lilikuwa: bata wapo, hawafi. Hilo linaelekeza kwenye kideri, kwa kuwa bata hubeba kirusi chake mara nyingi bila kuumwa. Ila haliondoi mafua ya ndege, kwa hiyo N95, miwani, ovaroli, na hakuna kupasua mzoga uani kwa mtu mbele ya watoto. Watu wawili tu waliingia. Dereva alibaki barabarani na gari.

Kuku aliye hai alikuwa tetea mwekundu, mabawa yamelegea, mdomo wazi, shingo imejiviringa mpaka kichwa kinatazama mkia. Ukimsukuma anazunguka upande mmoja. Kinyesi chake kilikuwa maji ya kijani kibichi kwenye manyoya ya nyuma. Kijiti cha kwanza kilizungushwa nyuma ya koo, juu ya tundu la pumzi. Cha pili kiliingia sehemu ya haja mpaka kikatoka na alama ya kinyesi, bila kubeba bonge zima. Kila kijiti kwenye chupa yake, kikavunjwa na kufunikwa. Kisha vijiti vingine viwili vya koo vikagandamizwa kwenye kadi ya FTA, ikaachwa ikauke kivulini.

Kadi ina faida moja kubwa na hasara moja kubwa. Kemikali yake inaua kirusi na kutunza vinasaba, kwa hiyo inasafiri kwenye bahasha bila barafu na haimwambukizi mtu wala kuku. Lakini kirusi kilichokufa hakioti kwenye yai. Anayetaka kujua ukali wake kwa kuchanja vifaranga wa siku moja, au kukitunza kirusi chenyewe, anahitaji chupa ya baridi. Tunachukua vyote viwili kwa sababu barafu huisha.

Mizoga miwili ya usiku ule ilifungwa mifuko miwili miwili na kuingia kwenye deli la tatu tuliloazima kwa bwana mifugo. Iliyobaki ilifukiwa, shimo la mita moja na zaidi, chokaa juu. Mzee mmoja alishauri majogoo wazima wachanjwe sasa hivi kabla hatujaondoka. Ni ombi la haki, na jibu lake si zuri. Kirusi kinakaa mwilini kwa siku mbili hadi 15, kwa kawaida tano au sita, kabla ya dalili. Kuku anayeonekana mzima leo huenda ameshaambukizwa, na mkono wa mchanjaji utahamisha kirusi toka jicho hadi jicho. Akifa kesho, kijiji kizima kitasema chanjo ndiyo iliyoua, na hakuna atakayechanja mwakani. Vitongoji vya mbali ambavyo havijaguswa ndivyo vinavyochanjwa haraka, na wachanjaji wasiotoka hapa.

Mzee huyo alikuwa ameshawapa kuku wake shubiri mwitu na OTC, antibiotiki ya dukani. Antibiotiki haimgusi kirusi. Inawasaidia wale waliokuwa na mafua ya kuku au homa ya matumbo, ambao nao wapo, na ndiyo maana wengine huonekana kupona na dawa hiyo ikapata sifa isiyo yake.

Siku ya 6. Mnadani, kisha Dodoma

Matenga yamepangwa kwenye mti. Kila tenga la mchuuzi lina kuku wa vijiji vitano au sita, wanapumuliana tangu alfajiri, na mchana watapanda basi au lori kwenda masoko ya kuku ya Dodoma na Dar es Salaam. Wafugaji wanajua ugonjwa unapoanza kuliko afisa yeyote, na hatua ya kwanza ni kuuza. Bei ya kuku ikishuka ghafla mnadani bila sikukuu kupita, hiyo ni taarifa ya ugonjwa iliyofika kabla ya taarifa rasmi. Tunaiandika bei.

Hapa hatutoi damu. Tunachukua vijiti vya koo, vitano vya kuku wa tenga moja kwenye chupa moja ili kubana gharama ya kipimo, bata na kuku kamwe wasichanganywe. Vijiti vingine vinapitishwa sakafuni mwa tenga. Kwa kila tenga tunauliza kuku wametoka wapi. Wachuuzi husema ukweli wakishajua huji na leja ya ushuru.

Usiku Dodoma, kipimajoto cha deli la vijiti kilisoma nyuzi 9. Kiwango ni 2 hadi 8. Pakiti zikabadilishwa, tukio likaandikwa kwenye fomu na saa yake. Fomu isiyo na hata nyuzi moja iliyozidi, katika siku nane za Oktoba, ni fomu iliyojazwa siku ya mwisho.

Siku ya 7. Morogoro

Dereva na mtaalamu mmoja waliendelea Temeke na vijiti pamoja na mizoga. Vijiti vinavumilia siku nne kwenye baridi, leo ni ya pili kwa vile vya kitongojini. Seramu zilishuka Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako kuku wa kienyeji wamechunguzwa kwa miaka mingi, pamoja na utafiti wa kuona kwa nini baadhi ya aina, kama Kuchi, Ching'wekwe na wale wa wastani wa Morogoro, zinatofautiana katika kustahimili kideri.

Kipimo ni HI: kirusi cha kideri hugandisha chembe nyekundu za damu, na kingamwili zikiwepo humzuia. Pleti ya vishimo 96, kitako cha V. Seramu moja kwa safu: vishimo 11 vya kuizimua, cha 12 seramu peke yake bila antijeni, yaani kirusi cha kupimia. Safu mbili za kila pleti ni za seramu yenye kingamwili na isiyo nazo, kwa hiyo zinabaki seramu sita. Sampuli 90 ni pleti 15.

Chembe nyekundu zilitoka kwa majogoo watatu wasiochanjwa, damu ikapokelewa kwenye maji ya Alsever yanayoizuia isigande, ikaoshwa mara tatu kwa PBS. Nusu ml ya chembe zilizokaa chini ndani ya ml 50 inatoa asilimia moja. Seramu za kanga zilitangulizwa peke yake: nusu ml ya seramu na mikrolita 25 za chembe zilizobanana, dakika 30, zikazungushwa na juu kuchukuliwa.

Kisha: mikrolita 25 za PBS kila kishimo. Mikrolita 25 za seramu kishimo cha kwanza, changanya, hamisha 25 kwenda cha pili, hivyo hivyo mpaka cha 11, tupa 25 za mwisho. Mikrolita 25 za antijeni yenye nguvu ya yuniti nne. Dakika 30. Mikrolita 25 za chembe nyekundu. Dakika 40, bila kutikisa meza.

Kosa linaloharibu kazi nzima kimyakimya ni nguvu ya antijeni. Baada ya kuizimua ili iwe yuniti nne, ipime upya: 25 za antijeni kwenye 25 za PBS, zimua kwa nusu nusu, tia chembe. Vishimo viwili vya kwanza vigande, cha tatu kisigande. Vikiganda vitatu, una yuniti nane, na kila kuku atasomeka chini kwa hatua moja, yaani kishimo kimoja. Chumba chenye nyuzi 30 nacho kinaharibu, kwa sababu muda umewekwa kwa chumba cha nyuzi 20 hivi. Kiyoyozi kilikatika saa 7 mchana, pleti tatu zilizokuwa mezani zikarudiwa zote.

Siku ya 8. Kusoma

Pleti inasomwa ikiwa imeinamishwa. Pasipo na kingamwili, antijeni imezishika chembe na kuzitandaza kama utando wa waridi, hauendi popote. Penye kingamwili, chembe zimekaa chini kama kitone chekundu, na ukiinamisha pleti kitone kinateleza na kuchora chozi, sawasawa na chozi la kishimo cha 12. Kisichoteleza kwa kasi ya cha 12 hakihesabiwi.

B-04-2: vishimo vitatu vinatoa chozi, cha nne kinasita. Hiyo ni 1/8, yaani seramu bado inafanya kazi ikizimuliwa mara nane. Mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani unahesabu kuku kuwa na kingamwili kuanzia 1/16. Wanaofanya kazi na I-2 vijijini wanaona 1/8 inatosha kumwokoa kuku. Mabishano yalichukua saa nzima, na chanzo chake ni kwamba ni maswali mawili tofauti. La kwanza ni iwapo kuku amekutana na kirusi au chanjo bila shaka ya kipimo. La pili ni iwapo ataishi ugonjwa ukija. Tumeandika namba yenyewe, si neno "chanya". Kila anayesoma ataweka mstari wake.

Safu nyingi za B zimekaa palepale, karibu na mstari, zikilinganishwa na za A. Bila fomu ya kifuniko cha matone 45, mtu angeandika kwamba chanjo imedhoofika. Pengine pia baadhi ya kaya zilikuwa na vifaranga wenye kingamwili za mama. Fomu zinarudiwa kusomwa kaya kwa kaya kabla ya sentensi yoyote kuandikwa.

Seramu 20 zimegawanywa mara mbili, zikapewa namba za kificho, nusu inakwenda Temeke wakasome bila kujua za kijiji gani. Tofauti ya hatua moja kati ya maabara mbili ni ya kawaida. Tofauti ya hatua mbili ina maana mtu akague pipeti au antijeni, na waite wenzao kabla ya kuchapisha. Kubadilishana huku kwa mirija ni kazi ya kawaida ya taaluma, sawa na mikutano. Wataalamu wa magonjwa ya ndege wana chama chao cha dunia, WVPA, tangu 1959 na jarida la Avian Pathology tangu 1972, lakini makala mbili hazilinganishiki kama maabara zake hazijawahi kusoma seramu moja.

Saa 9 alasiri Temeke walipiga simu. Kipimo cha mafua ya ndege kwenye vijiti vya kitongoji: hakuna. Kideri: kipo, koo na haja. Kipande cha vinasaba kitasomwa ili kuona mahali protini ya F ya kirusi inapokatwa, ambapo virusi vikali vina amino asidi kadhaa za alkali na fenilalanini nafasi ya 117, na kuona kama kinaangukia jenotaipu (kundi la vinasaba) ya V, ambayo ndugu zake wamekutwa Kenya na Uganda.

Hilo litachukua wiki. Bwana mifugo hahitaji fenilalanini. Alipigiwa simu palepale, taarifa ikaingizwa kwenye AfyaData, programu ya simu ya kuripoti magonjwa, na alipewa mambo ya leo: ni kideri, si mafua ya ndege, vitongoji vitatu vya nje vichanjwe kesho jioni kuku wakishaingia bandani, kila mchanjaji ahesabu matone yake kwanza, mnada wa wiki ijayo usipokee kuku wa kata hiyo. Aliuliza kama jibu hilo anaweza kulionyesha kwa maandishi. Likaandikwa ukurasa mmoja, likapigwa picha, likatumwa saa 10 na robo.

Majibu ya kaya 30 za vijiji vitatu yamechapwa kila moja kwenye karatasi yake: namba ya kuku, kiwango, chanjo ijayo. Bahasha ya kijiji A imepanda basi la Singida usiku huu, ya kaya ya tisa ikiwa juu.